HISTORIA NA SIKU ZIJAZO ZA TAIFA

Hotuba iliyosomwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima kubwa ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za magunia, za maghala na za malipo. Sisi wa Kamati ya Elimu tumetakiwa tuseme juu ya jambo lisilopimika kwa mizani, nalo ni hili: je, watu wakiyajua yaliyopita, waweza kuyajua yatakayolipata taifa lao? Historia yaweza kuwa taa ya kumulika njia iliyo mbele, au ni moshi wa moto uliokwisha zimika?

Wazee walituachia methali isemayo: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wako watu wanaoishika methali hii kama hukumu, wakasema kwamba ya kale hayana faida tena, na afadhali tutazame mbele tu. Lakini tulifikiri neno lenyewe la kuganga. Mganga hodari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza: maradhi yalianza lini, uliwahi kuugua hivi zamani, na mara ile ulipona kwa dawa gani? Bila majibu hayo hawezi kuganga, ila kubahatisha. Basi wazee hawakutuamuru kusahau. Walitukataza kulia na kugombana juu ya yale yasiyorudi. Kuyasahau ni jambo jingine kabisa.

RAMLI NA MAWINGU

Ziko njia mbili za kuyasema yajayo. Mpiga ramli hutaja siku na saa, tena hutaja jina la mtu. Akisema kweli husifiwa, na akisema uongo hupata udhuru. Mkulima naye ana njia yake. Hutazama mawingu upande wa mashariki, akaona mchwa wanaruka, akasikia upepo umegeuka; ndipo huwaambia watoto wake waiondoe kahawa iliyoanikwa. Hasemi kwamba mvua itanyesha saa nane kamili. Husema tu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, naye hajiweki tayari bure. Pengine mvua hupita kando. Hata hivyo kahawa yake haikuharibika kwa kuingizwa ghalani.

Sisi twaona kwamba historia si ramli. Haitaji siku, wala haitaji mtu. Lakini kwa yule ajuaye kuisoma, ni kama mawingu: humwonyesha dalili, humkumbusha mambo yaliyofuata dalili za namna hiyo zamani, kisha humwachia mwenyewe kuamua kama atatoka na mwavuli. Maneno haya yangekuwa mepesi kama yangesimama peke yake. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuyatolee ushahidi.

MWANACHUONI WA TUNIS

Mtu mmoja aliyeitafuta kanuni ya mataifa katika historia kwa bidii kuliko wengi alikuwa Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 akafariki Kairo mwaka 1406. Alikuwa mwandishi wa wafalme, balozi na kadhi. Aliwahi kutiwa gerezani, na aliona dola za Afrika ya Kaskazini zikisimama na kuanguka mbele ya macho yake. Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome moja ya nchi iitwayo leo Algeria, aliandika Muqaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia.

Aliuliza kwa nini watu wachache, maskini wa jangwani, huweza kuishinda miji yenye mali na askari. Akajibu kwamba wana kitu alichokiita asabiya, nao ni ule moyo wa kushikamana, wa kila mmoja kuona shida ya mwenzake kuwa yake mwenyewe. Kwa nguvu hiyo huishika dola. Kizazi cha kwanza kilijenga kwa jasho, nacho chajua thamani ya kilichojengwa. Kizazi cha pili kiliwaona baba zake wakijenga, kikahifadhi kwa heshima. Kizazi cha tatu hukuta nyumba imekwisha kusimama. Hudhani imejisimamia yenyewe, kikaishi kwa anasa, na moyo wa kushikamana ukayeyuka. Basi Ibn Khaldun alikadiria maisha ya dola kuwa kama miaka 120.

Je, utabiri huo ulikuwa wa kweli? Katika hesabu ya miaka, la. Dola ya Waturuki wa Uthmaniya, iliyoanza karibu na mwaka 1300, ilidumu hadi mwaka 1922, yaani zaidi ya miaka 600. Lakini katika kiini chake, ni nani kati yetu asiyeijua habari ile? Ni nani asiyemjua babu aliyechimba mifereji na kupanda mibuni, baba aliyeipalilia, na mjukuu aliyeuza shamba? Basi somo la kwanza ni hili: historia hukosea inapolazimishwa kuhesabu miaka, na husema kweli inapoulizwa sababu.

WALIOTABIRI WAKASHINDWA

Mwezi wa Januari 1959 Waziri wa Makoloni wa Uingereza alikutana na Magavana wa Afrika ya Mashariki huko Chequers, karibu na London. Walikuwa watu wenye elimu, wenye mafaili na taarifa za kila wilaya. Makisio yao yalikuwa kwamba Tanganyika ingeweza kupata Uhuru kama mwaka 1970, na Uganda na Kenya zingefuata kama mwaka 1975. Ndugu zetu, mwajua yaliyotokea. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, ya Uganda mwezi wa Oktoba 1962, na ya Kenya mwezi wa Desemba 1963.

Mabwana hao hawakukosa historia. Walijua habari za Bara Hindi mwaka 1947 na za Ghana mwaka 1957. Walichokosa ni kuwahesabu watu. Hawakumtia katika hesabu mwanamke wa Dar es Salaam aliyeuza kadi za chama, wala mkulima aliyetembea siku nzima kwenda kusikiliza mkutano. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na katika muda usiotimia miaka minane nchi ikawa huru. Twajifunza hapa kwamba mambo yajayo ya taifa hayakukaa mahali fulani yakingoja kugunduliwa, kama madini yakaavyo chini ya mlima. Hufanywa na watu, na watu waweza kuharakisha lile ambalo wakubwa wamelipangia siku ya mbali.

Mfano wa pili ni wa Kongwa. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na serikali yake ikapanga kulima karanga katika eka 3,210,000 za Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa zikiwa za Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa mamia, na mengine yalikuwa yamekwisha tumika vitani. Mizizi ya vichaka iliyavunja majembe. Udongo wa Kongwa, ukikauka, ulikuwa mgumu kama tofali, na mvua hazikuja kwa wakati uliotazamiwa. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukafungwa, na kama pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Wapangaji walikuwa na ramani, na ndege ziliwapitisha juu ya nchi. Lakini Wagogo walikuwa na historia. Walikumbuka njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920 waliyoiita Mtunya, ambayo vita na ukame viliileta pamoja, ikaua watu wengi sana. Katika Ugogo mvua kukosa si ajabu. Ni jambo linalorudi, na kila kizazi kina jina la njaa yake. Hatusemi kwamba kuwauliza wazee wa Kongwa kungetosha kuzifanya karanga ziote. Twasema tu kwamba habari iliyohitajiwa ilikuwapo, tena karibu, vinywani mwa watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa wenye elimu. Basi somo la pili ni kwamba historia si ya vitabuni tu. Aitakaye ajue pa kuiulizia.

KAHAWA INAVYOTUFUNDISHA

Sasa twaja kwenye mambo ya mashamba yetu wenyewe. Maana kama kuna mahali ambapo historia huonyesha dalili zilizo wazi, ni katika bei ya kahawa.

Mwezi wa Julai 1975 baridi kali ya barafu iliunguza mibuni katika Brazili, hasa katika jimbo la Paraná. Mbuni hauzai siku ile unapopandwa. Huhitaji kama miaka mitatu au minne. Basi kahawa ikapungua ulimwenguni, na mwaka 1977 bei ikapanda hadi mahali ambapo haijapata kufika. Kwa mkulima wa Kilimanjaro, wa Kagera, wa Mbinga na wa Mbozi, huo ulikuwa mwaka wa neema. Kwa taifa la Tanzania pia ulikuwa mwaka wa neema, kwa sababu akiba ya fedha za kigeni iliongezeka sana.

Ndugu wanachama, tuangalie kilichofuata. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, na akiba ile ikaondoka upesi. Wakati huo huo bei ya kahawa ilikwisha anza kushuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na taifa likalazimika kuanzisha lenyewe huduma zilizokuwa za pamoja. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vikagharimu fedha nyingi. Mwaka 1979 bei ya mafuta ya petroli ikapanda tena. Wale wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 wajua maana ya foleni ya sabuni, ya sukari na ya unga.

Je, kuna aliyeweza kuyatabiri hayo yote? Hakuna. Hakuna historia ingeweza kutaja baridi ya Paraná wala siku ya vita. Lakini jambo moja liliweza kujulikana mapema: bei iliyopandishwa na uhaba haikai. Ikipanda, wakulima wa dunia nzima hupanda miche. Baada ya miaka minne au mitano miche hiyo huzaa yote pamoja, kahawa hujaa masokoni, na bei huanguka. Hivi ndivyo ilivyokuwa kabla ya hapo, na hivi ndivyo ilivyokuwa baadaye.

Tangu mwaka 1962 nchi zinazozalisha kahawa na zinazoinunua zilikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliogawa mafungu ya mauzo ili bei isitikisike mno. Mwezi wa Julai 1989 mafungu hayo yaliondolewa kwa kukosa mapatano, na katika miezi michache bei ikaporomoka vibaya. Mwaka 1994 baridi ikaipiga Brazili tena, na bei ikaruka. Katika miaka ile ile Vietnam ilikuwa ikipanda mibuni kwa wingi, na kufikia karibu mwaka 2000 ikawa nchi ya pili duniani kwa wingi wa kahawa. Miaka ya 2001 na 2002 bei ilishuka mno, hata baadhi ya wakulima katika nchi yetu wakaiacha mibuni vichakani, na wengine wakapanda migomba na nyanya mahali pake.

Hatimaye, mwezi wa Desemba 2024 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita ile ya mwaka 1977, iliyokuwa haijapitwa kwa miaka 47. Na mwezi wa Februari 2025 ikavuka dola 4 kwa ratili. Wako vijana waliosema kwamba sasa mambo yamebadilika kabisa, na bei hazitarudi chini kamwe. Pengine watasadikika, ukame na joto la dunia huenda vikafanya mambo mapya ambayo mababu hawakuyaona. Lakini maneno hayo hayo yalisemwa mwaka 1977. Hatuwaambii wanachama bei itaanguka lini, kwa kuwa kufanya hivyo ni kupiga ramli. Twawaambia kwamba kila mara bei ilipopanda hivi kwa ajili ya uhaba, haikukaa juu, na kwamba mtu mwenye busara haachi mbachao wake kwa msala upitao.

DALILI ZILIZOANDIKWA

Mfano wetu wa mwisho ndio unaotugusa zaidi, kwa sababu ni wa ushirika wenyewe.

Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro, Joseph Merinyo akiwa rais wao, waliunda chama cha wapanda kahawa wenyeji. Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Moshi, alikuwa amewatia moyo kupanda zao hilo. Walowezi wengi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika alime arabika. Walisema ataeneza magonjwa ya mimea, na waliogopa kwamba watakosa vibarua. Mwaka 1932 Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipitishwa, na mwaka 1933 chama kikuu cha Kilimanjaro kikaanza kazi. Hata yeye hakukosa misukosuko: mwaka 1937, bei zikiwa mbaya na wakulima wakilazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia ya chama, ghasia zilizuka. Chama kilipita katika mtihani huo, kikaendelea. Miaka ya 1950 Bukoba nao walikuwa na chama kikuu chao, na wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa na shirikisho la vyama lililosifiwa Afrika nzima.

Baada ya Uhuru vyama viliongezeka upesi sana, vingine mahali ambapo wakulima hawakuviomba. Mwaka 1966 Rais Julius Nyerere aliweka Kamati Maalum ya kuuchunguza ushirika na halmashauri za mazao. Yapasa kila mjumbe wa Bodi yetu ajue Kamati ile ilikuta nini. Ilikuta kwamba wanachama wengi hawakujua haki zao wala mambo ya vyama vyao. Kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Kwamba katika vyama vikuu sauti ya mwanachama ilikuwa haisikiki. Na kwamba wanasiasa waliweza kuingilia kazi ya chama kwa urahisi. Serikali ilichukua hatua, na vyama vikuu kadhaa vikawekwa chini ya uangalizi wake. Lakini ugonjwa wa mwanachama asiyejua mambo ya chama chake hauponywi kwa kuongeza uangalizi kutoka juu.

Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa. Mashirika ya mazao yakachukua kazi yao, na kijiji kikahesabiwa kuwa ndicho chama. Mkulima aliyekuwa amezoea kulalamika juu ya karani wa chama chake alijikuta hana karani wa kumlalamikia. Malipo yalichelewa, na gharama za mashirika zikala sehemu kubwa ya bei. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha vyama, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema wazi kwamba kuvivunja vyama vya ushirika lilikuwa ni moja ya mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya.

Tuhesabu sasa. Tangu taarifa ya mwaka 1966 hadi kuvunjwa mwaka 1976 ni miaka kumi. Ni muda ule ule ambao Chama Kikuu chetu kimeishi. Katika miaka hiyo kumi hakuna aliyehitaji ramli. Dalili zilikuwa zimeandikwa kwa wino, zikapigwa chapa, zikawekwa katika makabati. Wala hatusemi kwamba mwisho ule ulikuwa lazima. Njia nyingine ilikuwapo: kumfundisha mwanachama, kumpa hesabu mkononi, na kumwachia nguvu ya kumwondoa kiongozi mbaya kwa kura. Kama njia hiyo ingefuatwa kwa bidii, pengine historia ya ushirika wetu ingekuwa nyingine. Hili ndilo tunalotaka likae mioyoni: historia huonyesha matokeo ya ugonjwa usiogangwa, haisemi kwamba hauna dawa.

TUFANYEJE

Basi swali tulilopewa twalijibu hivi. Historia yaweza kulisaidia taifa kuyakisia yajayo, kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza, tusidanganywe na mfanano wa sura. Mambo mawili yaweza kufanana kwa nje na kuwa na mizizi mbalimbali. Majani ya mbuni huwa ya manjano kwa kutu ya majani, na huwa ya manjano kwa njaa ya mbolea. Anayepuliza dawa ya kutu juu ya mti wenye njaa hupoteza fedha zake. Kadhalika bei ya 1977 na bei ya 2025 zafanana, lakini yapasa tuulize kila mara: nini kilicholeta hili, na je, sababu ile ingalipo?

Sharti la pili, tuwaulize wote waliokuwapo. Historia iliyoandikwa na mkubwa peke yake ina jicho moja. Wazee wetu waliouza kahawa kabla ya 1976, akina mama waliochuma na kuanika bila majina yao kuandikwa daftarini, na makarani waliostaafu, wote wana kipande cha habari. Tukichelewa, wataondoka nacho.

Sharti la tatu, tuandike. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata taifa bila daftari huishi bila kumbukumbu, likajikwaa mara mbili juu ya kisiki kimoja. Kumbukumbu za mikutano, stakabadhi za mizani, hesabu zilizokaguliwa, hata yale mabishano makali ya Mkutano Mkuu, hizo ndizo mawingu ambayo watoto wetu watayatazama. Karani anayeandika uzito wa kweli wa gunia la mjane anaandika historia ya taifa, ajue asijue.

Kwa ajili hiyo Kamati ya Elimu yaleta mbele yenu mapendekezo mawili, ambayo yatapigiwa kura katika Mkutano Mkuu ujao. La kwanza ni kwamba katika kila mwaka ambao bei ni nzuri, fungu la ziada liwekwe kando katika akiba ya kutegemeza malipo ya awali katika miaka ya bei mbaya, na akiba hiyo isiguswe ila kwa idhini ya wanachama wenyewe. Twajua kwamba pendekezo hili si tamu. Mkulima mwenye mtoto shuleni na bati linalovuja angependa malipo yake ya pili yote leo, naye ana haki ya kusema hivyo. Fedha ni zake. Twamwomba apime tu yaliyowapata wenzake wa 1977, ambao neema yao ilipita kama maji ya mfereji usio na bwawa. Akiba haiozi.

La pili ni kwamba kila chama cha msingi kisome hesabu zake kwa sauti mbele ya wanachama, kwa lugha inayoeleweka, mara mbili kwa mwaka, na kila swali la mwanachama liandikwe pamoja na jibu lake. Kazi hii ni ndogo na haina gharama. Lakini kama ingalifanywa kila mahali tangu mwaka 1966, tungalikuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia leo.

Ndugu zetu, Ibn Khaldun alikihofia kizazi kinachokuta nyumba imekwisha kusimama. Sisi wa miaka kumi hii tungali kizazi cha kwanza. Twazijua kucha zilizovunjika katika kujenga. Walioko shuleni leo, wakija kurithi viti hivi, hawatazijua isipokuwa tumewaambia. Tukiwaachia akiba bila daftari, watagombana. Tukiwaachia daftari bila moyo wa kushikamana, watalisoma kama kaburi. Tukiwaachia vyote viwili, hatutahitaji kuwatabiria kitu. Watakuwa na uwezo wa kukutana na lolote litakalokuja, liwe la neema, liwe la shida.

Hatujui miaka kumi ijayo italeta nini kwa taifa letu wala kwa Chama chetu. Twajua ni maswali gani tutaulizwa, kwa sababu wenzetu wamekwisha kuulizwa. Majibu yako mikononi mwetu.

 Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na Ushirika udumu.